Mkono wa Yoabu: Juu ya Kupeleka Masuala Magumu kwa Akili Mnemba

Mwezi Desemba 1539 Martin Bucer alifika Wittenberg akiwa amebeba hoja ya Philipp, Mtawala wa Hesse. Philipp alikuwa amemwoa Christine wa Saxony tangu ujana wake, wala hakumpenda. Alikuwa ameanguka mara nyingi katika uzinzi, na dhamiri yake ikamzuia kuijongea Meza ya Bwana. Aliuliza kama haingekuwa heri kwake kuoa mke wa pili kwa siri, kama walivyofanya wazee wa Agano la Kale, kuliko kuendelea katika dhambi. Luther na Melanchthon walijibu. Kwa majonzi, na wakiliweka jambo lote chini ya siri ya ungamo, hawakumzuia. Ndoa ilifungwa Machi 1540. Siri haikudumu, na aibu yake ikawaangukia wote waliosimama upande wa Matengenezo. Mwezi Juni mwaka huo Luther alimwandikia mtawala wake mwenyewe, Mteuzi wa Saxony, akijitetea kwamba alikuwa amefichwa jambo: Philipp alikuwa na mwanamke mwingine kwa muda mrefu, na lau angalilijua hilo, asingalitoa ushauri ule.

Habari hii nimeifundisha mara nyingi katika somo la Maadili ya Kikristo, kwa kawaida ili kuonyesha kwamba Wanamatengenezo nao walikuwa wanadamu. Mwaka huu imenilazimu kuisoma kwa jicho jingine. Luther alijibu sawasawa na swali aliloulizwa. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla hajashika kalamu, yaani pale swali lilipotungwa.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu suala ambalo kila mchungaji wa vijijini hulikuta siku moja: mzee mwenye wake wawili anaomba ubatizo, mshauri mchungaji wake. Suala hili si jepesi. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth mwaka 1888 ulikataa watu wa namna hii wasibatizwe. Mkutano uleule wa mwaka 1988, miaka mia moja baadaye, ukakubali wabatizwe kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mume asiongeze mke mwingine. Ikiwa maaskofu walihitaji karne nzima, sikutegemea mwanafunzi alimalize kwa juma moja. Lakini nilipokea karatasi zilizolimaliza kabisa. Nyingi zilikuwa na mpangilio mmoja, vichwa vilevile, na hata upole uleule wa kuwasifu wenye maoni tofauti kabla ya kuwaacha. Nilipouliza, wanafunzi hawakuficha. Walikuwa wameiagiza akili mnemba, wakaniletea na maagizo yenyewe waliyoyaandika.

Sitazungumzia hapa udanganyifu. Hilo lina kamati yake. Ninachotaka kukihakiki ni maagizo yale, kwa maana ni maandiko kama maandiko mengine, nayo yana haki ya kusomwa kwa makini.

Lazima nikiri kwanza kwamba yameandikwa kwa ustadi. Vijana wetu wamejifunza kuiambia mashine ni nani (mchungaji mwenye uzoefu wa miaka thelathini, wanapenda sana kusema), kuipa mazingira, kuitaka ipime pande zote mbili, na kuiagiza ifikiri hatua kwa hatua. Agizo hili la mwisho si ushirikina. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzao walionyesha kwamba kuongeza sentensi moja fupi ya namna hiyo kuliinua usahihi wa mashine katika jaribio moja la hesabu kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 78.7. Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuudharau ufundi wa kuuliza. Tangu mwaka 1529 watoto wetu wamelelewa na Katekisimo Ndogo, ambayo baada ya kila amri na kila sehemu ya imani husimama na kuuliza maana yake.

Lakini hesabu ina tabia ambayo suala la mzee yule halina. Katika hesabu, yote yanayohitajika yamo ndani ya swali. Katika uchungaji, mara nyingi linalohitajika ni lile ambalo muulizaji hakulisema, ama kwa kutolijua, ama kwa kutolipenda. Maandiko yanalijua jambo hili vizuri: mwenye kutangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza (Mith. 18:17).

Nilifanya jaribio langu mwenyewe, jioni moja, nikiwa na kikombe cha chai na mashaka mengi. Niliandika kwamba mzee ameishi kwa uaminifu na wake zake wote wawili na anaogopa kumdhulumu yeyote kati yao. Jibu lilikuja likielekea kumbatiza, likiwa na hoja nzuri za huruma na neema. Kisha nikaandika upya: mzee ni mtu wa mali, alioa mke wa pili wakati tayari anahudhuria ibada, na washarika wanatazama Kanisa litafanya nini. Jibu likaja likielekea kumsubirisha, likiwa na hoja nzuri za nidhamu na ushuhuda. Hayo yote mawili yangeweza kuwa kweli ya mzee mmoja. Mara zote mbili mashine ilifuata hatua zake bila kujikwaa, na mara zote mbili ilifika pale nilipokuwa nimeuelekeza mlango.

Mtu atasema kwamba hatua zikionekana, tunaweza kuzikagua. Ndivyo nilivyodhani. Hata hivyo mwaka 2023 Miles Turpin na wenzake walichapisha utafiti ambao kila anayetumia vyombo hivi angepaswa kuujua. Walizipa mashine mifano ya maswali ya kuchagua jibu, wakiipanga ili jibu sahihi liwe daima herufi ya kwanza. Mashine zikavutwa kuielekea herufi hiyo hata katika swali ambalo ilikuwa kosa, kisha zikaandika hatua za kulitetea jibu hilo, bila kuutaja mpangilio uliozivuta. Kwa hiyo hatua tunazosomewa si lazima ziwe njia iliyopitiwa. Na mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuliondoa toleo moja la mashine yake kwa sababu lilikuwa limezidi kuwasifu na kuwakubalia watu. Wachungaji tunaijua sauti hiyo. Ni ya mzee wa kanisa anayeitikia kila neno la mchungaji kikaoni, kisha nje ya mlango anasikitika.

Hapa namkumbuka yule mwanamke wa Tekoa (2 Sam. 14). Yoabu alimtia maneno kinywani, akamvika mavazi ya msiba, akamtuma kwa mfalme na kisa kilichotungwa kwa ustadi, mjane mwenye wana wawili na mmoja kamwua mwenziwe, ili Daudi atoe hukumu ambayo ingemrudisha Absalomu. Lilikuwa agizo bora kabisa: lina mhusika, lina mazingira, lina swali moja la wazi. Naye Daudi akajibu kama ilivyokusudiwa. Lakini kisha akasita, akamwuliza yule mama kama mkono wa Yoabu haukuwamo katika mambo hayo yote. Swali hilo ndilo sikuliona hata mara moja katika majibu waliyoniletea wanafunzi wangu.

Nitasimulia jambo moja, kwa ruhusa ya wasomaji. Nilipokuwa mchungaji kijana usharikani, mzee mmoja aliniletea ombi lilelile. Nilimwandikia Mkuu wa Jimbo barua fupi, nikiwa nimeyapanga yote vizuri: umri, watoto, tarehe za ndoa, maandiko ya pande zote mbili. Hakunijibu. Baada ya majuma mawili alishuka kwenye basi akiwa na mkoba wake, akanywa maji, akasema, “Nipeleke kwa mama mdogo.” Sikuwa nimewahi kuzungumza na mama mdogo. Katika barua yangu alikuwa tarehe moja tu ya ndoa. Tulikaa naye jikoni, yeye akipepeta mchele, na Mkuu wa Jimbo hakumwuliza lolote kuhusu ubatizo. Alimwuliza habari za watoto. Baada ya muda mrefu yule mama alisema hajali kama mumewe atabatizwa au la. Alitaka kujua siku akifa atazikwa wapi, na nani atasimama kanisani kama baba wa mwanawe siku ya Kipaimara. Tuliporudi barabarani Mkuu wa Jimbo aliniambia, “Mchungaji, barua yako ilikuwa nzuri sana,” na hakusema zaidi. Hiyo ilikuwa aibu yangu, na bado ninayo.

Katika maagizo yote niliyoletewa na wanafunzi, mke wa pili ametajwa kila mara. Hakuna mahali anaposema.

Je, Luther hakukosea pia, naye alikuwa mtu mwenye macho na masikio? Alikosea, na alikuwa na Bucer mbele yake wa kumhoji. Sidai basi kwamba mwanadamu huuliza vema na mashine vibaya. Kwa kweli niliiagiza siku nyingine isijibu, bali inihoji kwanza, nayo ilinihoji vizuri kuliko nilivyotazamia. Swali lake la tatu lilikuwa kama wake wenyewe wameulizwa. Mchungaji aliye peke yake mbali, asiye na maktaba wala mwenzake wa kumshauri, angeweza kuitumia hivyo na akapata faida, nami nisingemlaumu. Ila swali lile la tatu sikuweza kulijibu nikiwa mezani, na mashine haikujali kwamba sikuweza. Nilipoiambia iendelee tu, iliendelea. Luther alibaki na jina lake chini ya ushauri ule, akaishi na matokeo yake, na akalazimika kumwandikia mtawala wake barua ya kujieleza.

Muhula huu nimelibadili zoezi. Suala ni lilelile, na mashine nimeiruhusu kwa yeyote anayeitaka. Lakini kwa majuma manne ya kwanza sipokei jibu. Napokea swali peke yake, limeandikwa kwa ukurasa mmoja, na chini yake orodha ya watu ambao mwanafunzi ameketi nao kabla ya kuliandika. Wengi wamelalamika kwamba nauli ni ghali, na ni kweli. Mmoja amerudi kutoka kwao wakati wa likizo akaniletea karatasi yenye mistari mitatu tu, akaomba aongezewe muda, kwa sababu shangazi yake amemwambia jambo ambalo hajui aliweke wapi.