Ufundi wa Kuinasa Floridi

Kuunda molekuli inayoshika ioni moja tu yenye chaji hasi, na kuziacha nyingine zipite, ni miongoni mwa kazi ngumu na nzuri kabisa za kemia. Mwaka 1967 Charles Pedersen alitangaza eta zenye umbo la taji, zinazoshika ioni za chaji chanya kama potasiamu. Mwaka uliofuata Park na Simmons wakaonyesha vizimba vya molekuli vinavyofungia kloridi. Hata hivyo, upande wa chaji hasi ulikwenda polepole kwa miaka mingi.

Ugumu wenyewe uko kwenye ioni. Maumbo yake hutofautiana: floridi na kloridi ni tufe, naitreti ni bapa yenye pembe tatu, salfeti na fosfeti zina pembe nne. Nyingine hubadilika asidi ya maji inapobadilika. Juu ya hayo, maji huzing'ang'ania. Floridi ni ndogo kuliko kloridi, na kwa sababu hiyo maji huishika kwa nguvu zaidi. Anayetaka kuinasa sharti kwanza aipokonye maji hayo.

Haja ya kuinasa floridi yaonekana Gisenyi, mji wa Rubavu ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu na mpakani na Goma, jirani na volkano ya Nyiragongo. Gesi zake zina salfa dioksidi, hidrojeni kloridi na hidrojeni floridi. Zikichanganyika na mvua, maji yanayokingwa mapaani hubeba salfeti, kloridi na floridi kwa pamoja. Upande wa Kongo ndio unaopata moshi mwingi, kwani upepo huvuma zaidi kuelekea magharibi. Katika baadhi ya sehemu za milima ya Virunga floridi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huota madoa ya kahawia. Hapo kuchagua ndiyo kazi yenyewe: kloridi haina haja ya kuondolewa.

Molekuli iitwayo kaliksipiroli yaonyesha ufundi huu ulivyo. Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1886, lakini uwezo wake wa kushika ioni hasi ulielezwa mwaka 1996 tu, na Philip Gale, Jonathan Sessler na wenzao. Ina pete nne za piroli. Ikiwa tupu, pete hizo huelekea juu na chini kwa zamu. Ioni ikifika, zote nne hugeukia upande mmoja na kufanya bakuli, kila hidrojeni iliyo kwenye naitrojeni ikiielekea ioni iliyo katikati. Floridi hushikwa kwa nguvu kuliko kloridi.

Mwaka 2019 Amar Flood na wenzake, nchini Marekani, walitengeneza kizimba kinachoshika kloridi kwa hidrojeni zilizo kwenye kaboni, ambazo wengi waliziona dhaifu. Mshiko wake ulipimwa ndani ya kiyeyusho kisicho maji, na hapo ndipo penye kasoro ya fani nzima: vipokezi vingi, yaani molekuli za kushika ioni, hulegea vikitiwa majini.

Kwa hiyo Ngurdoto, karibu na Arusha, floridi imeondolewa kwa mkaa wa mifupa, ambao madini yake hutoa hidroksidi na kupokea floridi. Njia hiyo ni nafuu na inafaa, ila mkaa hujaa na lazima ubadilishwe. Walimu wa kemia wa Rubavu na Goma wawape wanafunzi wao swali hili mapema: ni molekuli gani itakayoinasa floridi ndani ya maji yenyewe?