Kabla Hujamlipa Fundi wa Matairi

Ukiacha gari kwa fundi Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi, ukaenda zako Kivukoni kazini na kulifuata jioni, utakuta matairi yote manne meusi ti, yanang'aa. Yamepakwa mafuta. Omba kitambaa chenye maji, uyafute ubavuni kabla hujatoa hela. Mafuta yale hufunika nyufa ndogo ndogo za mpira uliozeeka, na umri wa tairi ndilo jambo ambalo muuzaji hakutajii mpaka uulize. Yeye atakuonesha kashata, yaani meno ya tairi.

Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, inama utazame wa ndani, maana aghalabu huandikwa upande mmoja tu. Tairi la mtumba kutoka Japani laweza kuwa na kashata nene na mpira wake umeshakauka. Hata jipya lisome: tangu General Tyre ya Arusha ilipoacha uzalishaji mwaka 2009, tunategemea matairi ya kuletwa kwa meli, na mengine hukaa stoo muda mrefu. Kwa joto la Dar, mimi silipii tairi lililovuka miaka mitano, hata kwa nusu bei.

Lipo pia la kuchonga, yaani kipara kilichotiwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Pitisha kidole ndani ya mfereji. Tairi zima lina vinundu vidogo chini ya mifereji, ambavyo kashata ikivifikia imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Vinundu vikiwa vimekatwa, limechongwa. Liache hapo hapo.

Sasa utazame mkono wa fundi. Karibu na rimu, ubavu wa tairi una mstari mwembamba uliouzunguka. Nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu iwe sawa pande zote. Mstari ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa, na hakuna balansi itakayoliponya. Ukiona nukta ya njano ya tairi jipya imeelekezwa kwenye vali, umempata fundi makini, kwa kuwa nukta ile ndiyo sehemu nyepesi ya tairi na vali huongeza uzito kidogo. Tairi lenye neno OUTSIDE, neno lionekane nje. Vali yenyewe ipakwe povu la sabuni. Ikitoa mapovu, ibadilishwe, ni kitu cha bei ndogo.

Kwenye nati simama utazame mwenyewe. Fundi mzuri husugua kutu ya habu kwa brashi ya waya, kisha huanza kila nati kwa vidole. Nati za Nissan na Toyota nyingi huingia kwenye stadi ya milimita 12, lakini uzi haufanani: wa Nissan ni 1.25, wa Toyota 1.5. Iliyochanganywa huzunguka kidogo, halafu hugoma, na hapo mashine ya upepo huilazimisha mpaka uzi uharibike. Akaze kwa kuvuka, nati moja kisha ya upande wa pili, halafu ashushe gari na kumalizia kwa mkono. Mwambie tu, “Fundi, naomba umalizie kwa spana, gari likiwa chini.”

Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya Nm 103. Kwenye spana ya nusu mita, hiyo ni sawa na kusukuma kwa kilo 21. Mtu wa kilo 70 akipanda na kusimama juu ya mpini huo, ameizidisha zaidi ya mara tatu, na stadi iliyovutwa hivyo hukatika siku nyingine, barabarani. Kwa hiyo ninayemwona anarukia spana simrudii.

Upepo usome kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa. 230 ni kama PSI 33, na hupimwa tairi likiwa baridi. Wengi hujaza kwa mazoea.

Balansi hutaihukumu mjini. Hakikisha tu risasi za zamani, vile vizito vya kwenye rimu, zimebanduliwa kabla ya mpya kuwekwa, kisha subiri upite Kibaha. Kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, usukani ukitetemeka, tazama magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti, ya nyuma. Gari likivuta upande mmoja, hapo ni alaimenti au upepo usio sawa.

Safari hiyo hiyo, kabla ya Chalinze, simama mahali salama uzipitie nati zote kwa spana ya gari. Iliyolegea ikaze, ukumbuke ilikuwa gurudumu lipi, na ukirudi umwambie fundi.