'May' na 'Wala': Umilikaji na Uwepo katika Kitagalog, na Tatizo la Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza namna Kitagalog, lugha iliyo msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino, kinavyoeleza kuwapo kwa kitu na kumilikiwa kwa kitu. Lengo si kuandika sarufi, bali kuhakiki mazoea ya kuzisoma kazi za Kitagalog kupitia Kiingereza, na kuonyesha hasara inayompata mfasiri wa Kiswahili anayeifuata njia hiyo.

Msemaji wa Kitagalog asemapo 'May bigas sa kusina', maana yake ni 'Kuna mchele jikoni'. Asemapo 'May bigas ang kapitbahay', maana yake ni 'Jirani ana mchele'. Neno 'may' halikubadilika. Kilichoongezeka ni mtu anayehusishwa na uwepo wa mchele huo. 'Mayroon', ambalo ndani yake mna 'doon', yaani 'kule', hufanya kazi hiyo hiyo na, tofauti na 'may', laweza kusimama peke yake kama jibu. Kikanushi cha yote mawili ni 'wala'. Lakini mchele ukiwa ni ule unaojulikana, na swali likawa ni wa nani, muundo hubadilika: 'Akin ang bigas', 'Mchele ni wangu'. Kwa hiyo Kitagalog hutenga kwa makini kuwa na kitu na kuwa mwenye kitu.

Wamisionari wa Kihispania, ambao miongoni mwao Francisco Blancas de San José alichapisha sarufi yake mwaka 1610, waliieleza lugha hii kwa vipimo vya Kilatini na Kihispania. Kihispania kina kitenzi kimoja cha kumiliki na kingine cha kuwapo. Kwa kipimo hicho, 'may' huonekana kama neno moja lililobebeshwa kazi mbili. Wengine huweza kuvuka mpaka na kudai kwamba lugha isiyo na kitenzi cha kumiliki ni ya watu wasiojali mali. Dai hilo halina mashiko. Kiswahili nacho hakina kitenzi cha namna hiyo. Husema 'ana', yaani 'yu pamoja na', na hakuna anayedhani kwamba Waswahili hawajui mali ni nini.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokikaribia Kitagalog kuliko Kiingereza. 'Ana' na 'kuna' hujengwa kwa 'na' ile ile; kinachotofautiana ni kiambishi cha nafsi na cha mahali. Hata hivyo, lugha hizi mbili zimefika hapo kwa njia tofauti. Kiswahili huanza na uandamano, kisha huupa mahali. Kitagalog huanza na uwepo, kisha huupa mtu. Tena, Kitagalog hakimlazimishi msemaji kumtaja mtu huyo. Mteja akiuliza dukani, 'May bigas pa ba?', na muuzaji akajibu 'Wala na', haikusemwa mchele ni wa nani wala ni nani asiye nao. Mfasiri wa Kiingereza huelekea kumtia muuzaji katika jibu. Na mfasiri wa Kiswahili anayemfuata ataandika 'Hatuna tena', ilhali 'Hakuna tena' lingeuhifadhi ukimya huo bila taabu. Katika hadithi ya njaa, tofauti hiyo si ndogo. 'Hatuna' ni udhuru wa duka moja. 'Hakuna' ni hali ya mtaa mzima.

Vivyo hivyo, 'May kumuha ng bigas' ni 'Kuna aliyechukua mchele': tendo lipo, mtendaji amefichwa. Akiandika 'Mtu fulani alichukua mchele', mfasiri humvuta mtuhumiwa mbele kabla ya mwandishi kutaka.

Ugumu wa kweli umo katika 'wala', ambalo halina uhusiano na 'wala' ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu. 'Wala si Pedro' ni 'Pedro hayupo'. 'Wala na siya' laweza kuwa 'Ameshaondoka' au 'Amefariki'. Matajiri huitwa 'mga mayroon' na maskini 'mga wala', na aliyefukarika kabisa ni 'walang-wala'. Kiswahili kina 'wenye nacho' na 'wasio nacho', pamoja na 'hohehahe', lakini '-cho' inasisitiza kitu kilichokosekana. Mwandishi wa Kitagalog aweza kulicheza neno moja katika ghala tupu, kiti kitupu na kaburi. Kiswahili, kwa upatanisho wake wa ngeli, hulazimika kuchagua: haupo, hakipo, hayupo. Mfasiri akitaka kuhifadhi mwangwi huo, itambidi arudie mzizi '-po' kwa makusudi. Kuhusu kifo, 'hatunaye tena' huenda likafaa zaidi, kwa kuwa humkumbusha msomaji uandamano uliokatika. Lakini hapo picha ya Kiswahili itakuwa imechukua mahali pa ile ya Kitagalog, na mfasiri sharti ajue amebadilishana nini na nini.

Kwa kumalizia, hasara nyingi zinazohesabiwa kuwa za lazima katika tafsiri hizi hutokana na lugha ya katikati. Mfasiri wa Kiswahili anayeanza na 'may' yenyewe atakuta 'kuna', 'pana' na 'mna' zikimsubiri. Zile hasara zitakazobaki, hasa za 'wala', ndizo zinazostahili jasho lake.