Mkono Unaopima Moyo Uliochoka

Moyo ukishashindwa vibaya kusukuma damu, vipimo vya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ndivyo husaidia kujua ni mgonjwa yupi aliye karibu zaidi na kifo. Mashine ni nzuri, lakini ufundi uko mkononi. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, mpimaji akatafuta upenyo kati ya mbavu. Akiikosa ncha ya moyo kidogo tu, chemba huonekana fupi, na moyo dhaifu husomeka kuwa na nguvu ambazo hauna.

Ufundi huu ulianza kwa kuazima. Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia mashine ya kukagulia kasoro za vyuma, iliyotoka kiwanda cha meli cha Malmö, wakanasa mwangwi wa moyo unaopiga.

Kipimo maarufu ni asilimia ya damu ambayo chemba kuu ya kushoto huitoa kwa kila pigo. Ikiwa 40 au chini, msukumo umepungua. Lakini wagonjwa wawili wenye 20 wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa, na hapo ndipo mpimaji hodari huonekana: huacha kutazama moyo unavyokamua, akatazama unavyojaa. Kwa Dopla, njia ya ultrasaundi ya kupima mwendo wa damu, damu huonekana ikiingia kwa mawimbi mawili: la kwanza chemba kuu inapolegea, la pili chemba ya juu inapojikaza. Shinikizo ndani ya chemba likizidi, wimbi la kwanza huruka juu, likafika mara mbili ya la pili au zaidi, kisha hukatika ghafla, pengine chini ya milisekunde 150. Kipimo hiki hakitoshi kikifanywa mara moja tu. Hurudiwa baada ya dawa za kupunguza maji: mawimbi yakitulia, kuna matumaini, yakibaki vilevile, hatari ya kufa ni kubwa zaidi.

Upande wa kulia nao hausahauliki. Ukingo wa valvu yake ukisogea kwa umbali usiofika milimita 17 kwa pigo, chemba ya kulia imechoka, na mzigo wa kushoto umeshahamia kulia.

Mapigo yakienda ovyo, mpimaji mwaminifu hapimi pigo moja lililopendeza. Hupima kadhaa, akachukua wastani, na picha ikiwa hafifu huandika hivyo kwenye ripoti, ili daktari ajue namba ipi ya kuegemea.