Sweta Husomwa Ubavuni

Mwalimu mmoja mstaafu wa Njombe, ambaye kufuma ndiyo starehe yake ya jioni, alinunua sweta la mtumba la kiume, la sufu, rangi ya kijivu. Alilifumua lote akalifuma upya, likawa sweta la vifungo la mjukuu wake. Kila aliyeliona alisifu vifungo na ukosi. Vifungo vyenyewe si haba, lakini kazi hii ilifaulu mapema zaidi, pale kwenye lundo la mitumba, sindano zikiwa bado nyumbani. Mwalimu aliligeuza sweta ndani nje, akachungulia mshono wa ubavuni, akalipa. La pili, lenye rangi ya kupendeza kuliko hilo na bei ileile, alilirudisha.

Alichokuwa akikitafuta ni namna sweta lilivyotengenezwa kiwandani. Yako masweta ambayo kila kipande chake, yaani kifua, mgongo na mikono, hufumwa kikiwa na umbo lake tayari. Mashine hupunguza vitanzi penye kwapa na kuviongeza mkono unapopanuka, na uzi ukifika mwisho wa safu hugeuka na kurudi, hivyo ukingo hubaki mzima. Vipande huja kuunganishwa baadaye. Masweta mengine hayapitii njia hiyo: hufumwa kitambaa kipana, kikakatwa kwa mkasi kufuata umbo, na kingo zikafungwa kwa ovaloki zisije zikachanika. Ukiyatazama kwa nje si rahisi kuyatofautisha. Kwa ndani, la kwanza lina ukingo safi na mshono mmoja mwembamba, na karibu na kwapa utaona alama ndogo ndogo za mshazari mahali vitanzi viwili vilipofumwa pamoja. La pili lina nyuzi za ovaloki zilizouzingira ukingo mzima.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Sweta lililokatwa kwa mkasi limekatwa uzi kila mwisho wa safu. Wafumaji wana kipimo cha haraka: safu moja ya mfumo wa kawaida hula uzi wa karibu mara tatu ya upana wake. Kifua chenye upana wa sentimita 50 kitakupa basi vipande vya kama mita moja na nusu kila kimoja, na kwa sweta zima utakuwa na mamia ya vipande vya kufunga mafundo. Mtu mvumilivu anaweza kuvifunga, lakini sweta atakalolifuma litamkwaruza mtoto mgongo mzima.

Hata hivyo sweta la ovaloki si la kutupwa. Hilo ni la fundi cherehani, na linapunguzika vizuri sana mradi fundi asilichukulie kama kitenge. Kitambaa cha kufumwa huvutika, ilhali mshono wa kawaida ulionyooka hauvutiki. Mwenye nguo akiinua mkono, uzi wa mshono unakatika kwa sauti anayoisikia mwenyewe. Dawa yake ni mshono wa zigizaga au ovaloki yenyewe, na mkasi usiguse kitambaa kabla ya mshono kupita. Ukitanguliza mkasi, vitanzi vinaanza kuachiana ukiwa bado unatafuta uzi wa rangi inayolingana.

Jicho la mwalimu liliangalia jambo jingine pia, nalo ni kama vitanzi bado vinaonekana kimoja kimoja. Unyuzi wa sufu una magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa huyafanya magamba yang'ang'aniane, na sweta hujikunja na kugandamana likawa kama blanketi. Sweta la hivyo halifumuki hata ulibembeleze vipi. Kuhusu sufu yenyewe, lebo za mitumba mara nyingi zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo jaribio la kuaminika ni moto, na hilo hufanyika nyumbani, maana muuzaji hatakuelewa. Unyuzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hauendelei kuwaka ukiuondoa motoni, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kazi ya kufumua ina mwelekeo wake. Sweta la kawaida huanziwa kiunoni na kumalizikia mabegani, kwa hiyo uzi huachia kutoka juu kwenda chini. Ukianzia kiunoni itakubidi uuchomoe kutoka kila kitanzi. Kabla ya hapo lazima mishono ifunguliwe, na hapa ndipo watu wengi hupoteza subira. Mshono wa mnyororo hufunguka kutoka upande mmoja tu, ule ambao mashine ilimalizia. Ukiupata, unakata kitanzi kimoja, unavuta, na ubavu mzima unafunguka kwa mvuto mmoja. Ukiushika upande wa pili, unakaza. Aliyekasirika hapa huchukua wembe, na wembe haubagui uzi wa mshono na uzi wa sweta. Mwalimu alianza na ukosi, akafuata mikono, mbavu akaziacha mwisho. Sioni cha kukosoa katika mpangilio huo.

Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi. Aliuzungushia mgongo wa kiti, akaufunga kwa kulegeza sehemu nne, akauloweka katika maji ya uvuguvugu na kuuanika bila kuutundikia kitu kizito. Maji yanapoingia ndani ya unyuzi wa sufu hulegeza viungo vinavyoshikilia mkunjo, na unyuzi ukikauka hushika umbo jipya. Akriliki haina tabia hiyo: umbo lake hupangwa na joto, na mvuke mkali huilegeza moja kwa moja isirudi tena. Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi, tarehe 1 Juni 1941, kufumua sweta kuukuu na kulifuma upya kuliingia katika ujuzi wa kawaida wa nyumbani. Sisi leo tunaipata sufu ya aina hiyo ndani ya belo, na wengi wetu tunaifumua vizuri kisha tunaruka hatua ya maji kwa haraka ya kuanza kufuma.

Hasara ya kuiruka huonekana kwenye hesabu. Uzi wa kiwandani ni mwembamba, kwa hiyo mwalimu alishika nyuzi mbili pamoja. Akafuma kipande cha majaribio, akakifua, akakikausha, ndipo akakipima: vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Kifua cha mtoto kilikuwa sentimita 60, akaongeza 8 za nafasi ya kupumua na kuvalia shati ndani, zikawa 68, yaani vitanzi 136. Tuseme angepima kwa uzi wenye mawimbi akapata 22. Hesabu ingemwambia afume vitanzi 150, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza sweta lingetulia kwenye sentimita 75. Vitanzi viwili tu kwenye kipande cha majaribio vingezaa sentimita saba kifuani.

Vipimo vingine alivitoa kwenye ile 136 kwa asilimia, njia iliyoenezwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Wisconsin, Marekani. Mkono huanza kifundoni na vitanzi vipatavyo asilimia 20 ya vile vya kifua, hupanuka hadi kama 33 penye kwapa, na shingo huchukua 40. Mwalimu alipandisha kifundo hadi asilimia 25, vitanzi 34, na hapo alifanya vema. Mkono wa mtoto hauchongoki kama wa mtu mzima, na kifundo cha vitanzi 27 kingempa mama yake kazi kila asubuhi. Kuchagua sweta la vifungo nako kulimwondolea shida ya kichwa cha mtoto, ambacho ni kikubwa ukilinganisha na shingo yake.

Ninapotofautiana naye ni kwamba alianzia chini. Mtoto hurefuka haraka kuliko anavyonenepa, na sweta lililofumwa kutoka shingoni hurefushwa kwa kufungua ukingo wa mwisho na kuendelea kufuma. La kwake litadai kukatwa kitanzi kimoja juu ya pindo, uzi uchomolewe safu nzima, vitanzi vilivyo wazi viokotwe kwa sindano, kisha afume kwenda chini. Inawezekana, ila vitanzi vinavyofumwa kinyume na vya awali hukaa pembeni kwa nusu kitanzi. Kwenye mfumo wa kawaida hakuna atakayeona. Kwenye pindo la mistari ya wima mistari haitakutana, kwa hiyo itambidi kiungo hicho akiweke juu ya pindo, penye mfumo wa kawaida, na pindo lenyewe alifume upya lote. Uzi anao: sweta la mtu mzima limebakisha wa kutosha, na aliufua siku moja na ule alioutumia.