Nishikeni, Nimefuma Blanketi la Mtoto!

Naandika haya vidole bado vinaniwasha, gauni limejaa vinyweleo vya uzi na chai yangu ya asubuhi imeota utando mezani. Sijali! Jana nimekata uzi wa mwisho wa blanketi la mtoto nililolifuma mwenyewe, kwa mikono hii hii iliyokuwa inashindwa kushona kifungo cha sare ya shule, na nisipokuhadithia sasa hivi nitapasuka. Kaa nikusimulie. Hapana, usikae, njoo kwanza ulishike!

Kifaranga wa siku moja umewahi kumshika? Basi ni hivyo, halafu ongeza uzito kidogo, ule uzito wa paka aliyekulalia miguuni. Laini, zito, changamfu, lina manjano ya embe bivu na nyeupe ya maziwa, ukilikunja linafura kama andazi, ukilikunjua linateleza lenyewe mapajani. Na bado!

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mdogo wangu ameolewa Njombe, na mtoto anatarajiwa mwezi wa saba. Njombe, mwezi wa saba! Wewe mtoto wa Dar hujui unachoambiwa. Mimi nilikwenda mara moja tu wakati wa baridi, nikalala na soksi, sweta na kofia, na bado meno yakawa yanapiga ngoma usiku kucha. Nikajisemea mtoto wa watu hawezi kupokewa hivi hivi. Nikaenda Kariakoo kutafuta uzi wa sweta.

Hapo dukani penyewe nusura nisitoke. Madonge yamepangwa mpaka darini, ya zambarau, ya kijani kibichi, ya waridi lile la kuumiza macho, na mimi kila ninaloshika nalisugua shingoni. Ndiyo, shingoni! Usilipime kwa kiganja, kiganja kimezoea mabomba na sufuria, hakisemi kweli. Kuna la sufu lilinichoma kama majani ya mbigili, nikalirudisha mbio. La pamba tamu mno, baridi baridi, lakini zito. Nikaangukia lile la kawaida kabisa la sintetiki, jepesi, linalokauka upesi, maana nepi na matapishi ya mtoto hayasubiri jua. Muuzaji akanitazama wee, akasema, "Dada, unanunua au unalala?"

Sasa kroshia yenyewe. Mimi nilikuwa naijua kwa vitambaa vya mama mkubwa tu, vile vyeupe vilivyotiwa wanga mpaka vikasimama kama karatasi, kimoja juu ya redio, kimoja juu ya televisheni, vingine kila mgongo wa kochi, na ole wako uguse. Kwangu kroshia ilikuwa kitu cha kutoguswa. Kumbe kidude ni kile kile! Kijiti kimoja chenye ndoana nchani, basi. Hakina mwenzake, hakina umeme, hakina betri. Kinaanza cha baridi mkononi, baada ya dakika tano kimepata joto lako na umesahau kama umekishika.

Na jinsi kinavyocheza, ee Mungu wangu! Unazungusha uzi, unachomeka, unavuta, unapitisha. Unazungusha, unachomeka, unavuta, unapitisha. Kitanzi kinamezwa na kitanzi kipya, hicho nacho kinamezwa, na wakati wote kilicho hai kwenye ndoana ni kitanzi kimoja tu. Kimoja! Blanketi zima limeshikiliwa na kitanzi kimoja chenye ukubwa wa punje ya harage. Mara ya kwanza nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu sebuleni kama chizi.

Usidhani nilianza kwa maringo. Nilianza na cheni ya vitanzi 110, nikaenda, nikarudi, nikaenda, nikarudi, nimejaa sifa, redio inaimba. Mstari wa kumi na tatu nikalitandaza kitandani nilipige picha. Weee! Halikuwa blanketi, lilikuwa kipande cha tikiti, pana chini, jembamba juu. Nikahesabu: 97. Vitanzi kumi na vitatu vimekwenda wapi? Nikampelekea mama mkubwa, akaliangalia kwa jicho moja, akasema, "Mwanangu, kila ukigeuza unaruka cha mwisho." Kumbe ndiyo siri! Ukifika ukingoni unapanda kwa cheni ndogo kabla ya kugeuka, na hiyo cheni inajificha, inajifanya si kitanzi, nawe usipoifuma wakati wa kurudi kila mstari unapungua. Mimi nilikuwa nazidondosha moja moja, bila hata kusikia.

Akashika ncha ya uzi, akavuta.

Mwenzangu, nilipiga kelele! Trrrrr, jioni zangu nne zimeyeyuka, na uzi unatoka umejikunja mawimbi mawimbi kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Halafu, sijui nikuambieje, ikaanza kuninogea. Sauti ile! Uzi unavyokimbia ukitokatoka, na hakuna kilichokatika, hakuna kilichoharibika, senti haijapotea. Mshonaji akikosea mkasi ndiyo basi, mpishi akizidisha chumvi ndiyo basi. Huku unafumua, unafuma. Nikaanza upya usiku ule ule, nikakifunga kila kitanzi cha mwisho kipande cha uzi mwekundu kisinitoroke tena.

Na bado! Nikaanza kutembea nalo. Nimefuma kwenye foleni ya benki. Nimefuma kwenye daladala la Mbagala, nimekaa dirishani, donge liko kwenye mkoba linarukaruka kama chura, na basi zima linachungulia. Mama mmoja akaniuliza naliuza shilingi ngapi. Kisha mzee wa kanzu aliyekaa pembeni, kimya tangu tupande, akanyoosha mkono, akasema, "Lete." Akanifumia vitanzi sita, saba, safi kuliko vyangu vyote, akanirudishia, akashuka Mtongani. Hakusema alijifunza wapi! Vitanzi vyake vimo humo, mstari wa manjano wa tatu kutoka chini, nikitaka nakuonyesha.

Tena hebu nikuambie kitu kilichoniduwaza. Sweta lako na soksi zako zimefumwa na mashine, lakini kroshia ya kweli mpaka leo haijapata mashine ya kiwandani. Kwa hiyo kila kitambaa cha kroshia unachokiona, hata kile cha bei ya kutupa sokoni, kuna mtu alikaa akakifuma kitanzi kwa kitanzi. Kule Ireland, njaa ya viazi ya miaka ya 1840 ilipowakaba, wanawake walifuma lesi kwa kidude hiki hiki wakauza, nyumba zikapata chakula. Tangu nijue hivyo vile vitambaa vya mama mkubwa sivipiti tu. Naviinamia!

Blanketi lenyewe, matundu yake nimeyaacha madogo, maana vidole vya mtoto vinapenda kuingia na kunasa, na ncha za uzi nimezirudisha ndani kwa sindano nene, mbele na nyuma, zisichomoke. Ni la kumfunikia mgongoni juu ya mbeleko na la kumpakatia. Kitandani alalapo peke yake nimemwambia mdogo wangu asilitumie, kichanga asije akajifunika uso.

Mwisho pindo. Hapa ndipo nilipopagawa kabisa! Nilitaka liwe kama kanga, lina mji wake katikati na pindo zunguko zima, nikalipiga mawimbi madogo madogo meupe, kila wimbi vitanzi vitano vilivyoingia tundu moja vikajitandaza kama gamba la chaza. Kanga kamili, limekosa jina tu. Nikalifua kwa sabuni ya mtoto, nikalilaza juu ya kanga kuukuu sakafuni, maana likining'inizwa na maji yake linavutika likawa kama bukta ya mzee. Asubuhi nikaligusa. Lilikuwa laini mara mbili! Vitanzi vimelegea, vimekaa, vimezoeana. Hakuna aliyeniambia kwamba kufua kunafanya hivyo!

Kesho alfajiri nalipeleka stendi ya Mbezi liingie basi la Njombe, na nimeshalikunja mara tisa na kulikunjua mara kumi. Donge moja na nusu la manjano limebaki. Nimeanza kofia. Sikupanga, mkono umeanza wenyewe nikiwa nakuandikia.

Njoo Jumamosi basi. Kijiti cha pili ninacho, mama mkubwa kaniachia chake. Wewe leta uzi tu, rangi yoyote uipendayo, ila mweusi usithubutu, vitanzi vyake havionekani hata saa sita mchana, tutakesha tukipapasa.