Raia Asiyechagua: Lugha ya Uchaguzi katika Vitabu vya Watoto

Tahakiki hii inajadili namna vitabu vya watoto nchini Tanzania vinavyomweleza msomaji wake uchaguzi na serikali. Hoja yetu ni kwamba, kwa jumla, vitabu hivyo humfundisha mtoto majina ya mamlaka kabla ya kumwonesha jinsi watu wanavyoamua. Kasoro hiyo ni ya kilugha na ya kisanaa kabla ya kuwa ya kisiasa.

Tuanze na jina la somo. Katika mtaala uliotangulia maboresho ya 2023, shule za msingi zilifundisha Uraia na Maadili. Nguzo zake zilikuwa heshima, kuithamini jamii, uwajibikaji, ustahimilivu, uadilifu na amani. Hizo ni tunu njema. Hata hivyo, kuchagua na kuhoji havikuhesabiwa miongoni mwa nguzo. Uraia uliofungamanishwa hivyo na maadili huelekea kuwa tabia njema ya anayeongozwa. Etimolojia nayo inaafiki: neno raia limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kundi linalochungwa, na pia watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977, inapotaja chimbuko la mamlaka, humtaja mwananchi.

Neno kura lina mtego wake. Asili yake ni kubahatisha, na watoto bado hupiga kura kuamua nani aanze mchezo. Asipoelezwa tofauti, mtoto atamwona kiongozi kuwa mtu aliyeangukiwa na bahati. Kauli ya kutendwa huzidisha ukungu: “mwenyekiti alichaguliwa” huwaficha watenda, ilhali “wanakijiji walimchagua” huwarejesha na kumdai mwandishi aeleze sababu.

Fasihi yetu imewahi kufanya vizuri zaidi. Katika Kusadikika (1951), ambayo vizazi vingi vimeisoma shuleni, Shaaban Robert anamsimamisha Karama barazani, ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Mvutano wa kisa ni hoja zenyewe, na msomaji huachiwa azipime. Hata hivyo, uamuzi unabaki mkononi mwa mfalme. Umma husikiliza tu.

Kielelezo kinachokosekana kimo karibu na mtoto. Dodoma hutajwa vitabuni kuwa makao makuu na mahali pa Bunge. Lakini kwa mtoto wa Kongwa au Chamwino, serikali ya kwanza kuonekana ni ya kijiji. Sheria Na. 7 ya 1982 inawapa wakazi wote waliotimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri yake huwa na wajumbe 15 hadi 25. Katika uwanda huu wenye ukame, mjadala wa lambo, malisho au kisima una wahusika, mgogoro na kilele. Mwandishi hahitaji kumwazima simba mfalme.

Mtoto aliyekuwa na miaka 9 wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 atatimiza miaka 18 mwaka 2033. Mwandishi anayemwandikia leo amsimulie mkutano ambamo watu wanatofautiana, wanasikilizana, kisha wanahesabu mikono. Na sentensi zake ziwataje walioinyoosha.